Mwongozo Mfupi wa Kuainisha Muziki wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyewapanga viumbe wa dunia katika falme, jenasi na spishi kwenye kitabu chake cha mwaka 1735, hakuwahi kupanda matatu ya Kisauni saa kumi na mbili za jioni. Angalipanda, huenda angaliacha sayansi akauza madafu. Kutoka Kongowea hadi Mtopanga angalisikia nyimbo tano zilizounganishwa na dijei mmoja zikawa moja, na kila alipouliza huu ni muziki gani angalipewa jibu jingine. Dereva angalisema ni bongo. Makanga angalisema ni miksi. Mama aliyeketi nyuma na gunia la mchicha miguuni angalisema ni kelele. Ugumu wa taaluma yetu ni kwamba wote watatu wana ushahidi.

Eneo la utafiti huu ni zile bara tatu zinazokizunguka kisiwa cha Mombasa: Likoni kusini, ng'ambo ya kivuko, Kisauni kaskazini, ng'ambo ya daraja la Nyali, na Changamwe magharibi, ukishapita Makupa. Kisiwa chenyewe tumekiacha. Kina wataalamu wake wa kutosha, wameketi barazani tangu alasiri, na hawajaomba msaada. Msomaji mgeni aonywe pia mapema kuhusu hilo neno bara. Kwa ramani, mtu wa Likoni anakaa bara. Kwa mdomo wake mwenyewe, bara inaanzia Mariakani kwenda mbele, na nyimbo za bara hazitaki.

Nadharia yetu ni nyepesi, inabebeka hata kwenye tuktuk. Jina la aina ya muziki, kwa wakazi wa sehemu hizi, halielezi kinachosikika. Linaeleza muziki umetoka wapi, umelipiwa na nani, unapigwa kwa ajili ya shughuli gani, na msemaji anataka aonekane mtu wa namna gani. Sikio huulizwa mwisho, likibahatika kuulizwa.

Ushahidi wa kibandani

Maktaba kuu ya muziki wa bara hizi haiko chuo kikuu. Iko kwenye vibanda vya vijana wanaoweka nyimbo kwenye flash na kadi za simu, na kimojawapo kiko pembezoni mwa soko la Kongowea, kati ya muuza chaja na fundi wa viatu. Humo mna kompyuta ya mezani ambayo herufi za kibodi yake zimefutika karibu zote, feni inayogeuza shingo upande mmoja tu, na kijana asiyehitaji herufi hizo wala feni hiyo. Mteja huja na flash ya gari, huulizwa, "Nikuwekee gani?" naye hutaja folda. Folda zenyewe zimepangwa kwenye skrini kwa herufi kubwa: LINGALA, ZILIZOPENDWA, TAARAB, BONGO MPYA, BONGO ZA KITAMBO, REGGAE, INJILI, KASWIDA, ZA KIKAMBA, HARUSI, MATANGA, na ya mwisho, nene kuliko zote, ZINGINE.

Mtafiti aliomba afunguliwe LINGALA. Wa kwanza kutokea alikuwa Samba Mapangala na Vunja Mifupa, wimbo wenye Kiswahili hata kwenye jina. Baada yake wakaja Les Wanyika na Sina Makosa, ambamo hakuna neno la Kilingala hata la kusingiziwa. Kisha, katika kufungua ZILIZOPENDWA, Les Wanyika wakatokea tena, wimbo ule ule.

"Mbona hawa wako mara mbili?"

"Mzee wangu, ukiwataka kwa gari, wako Lingala. Ukiwataka kwa mama yako, wako Zilizopendwa."

HARUSI na MATANGA nazo zilikuwa na uzito sawa, nyimbo zilizo sawa, kwa mpangilio ulio sawa. Kijana hakuona ajabu. Mtu aliyefiwa, alieleza, hawezi kuambiwa anawekewa nyimbo za harusi.

Majibu hayo mawili yana uzito kuliko tasnifu nyingi zilizojaladiwa. Mtu huyu amegundua, bila ruzuku ya mtu, kwamba aina ya muziki imo kwa mteja, na kazi ya mwainishaji ni kumtazama mteja usoni kabla ya kubofya.

Muziki uliopewa jina la waliouleta

Kilingala ni lugha ya mto Kongo. Huku Mombasa, Lingala ni muziki. Chanzo kinajulikana: bendi za Wakongo zilipoingia Kenya katika miaka ya 1970, Orchestra Super Mazembe wakiwa miongoni mwao baada ya kupitia Zambia, zilikuta soko kubwa la santuri na wateja wanaotaka kuelewa wanachoimbiwa. Bendi zikaimba Kiswahili. Wateja wakaelewa, wakanunua, na wakaendelea kuuita muziki huo kwa lugha ile ambayo bendi zilikuwa zimeiweka kando kwa ajili yao. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, walipita Arusha kisha Mombasa kabla ya kufika Nairobi na kutia fora na Simba Wanyika. Nao wamo ndani ya Lingala, ingawa hawakuzaliwa karibu na mto wowote unaohusika. Kwao Tanzania muziki huo huo huitwa dansi. Kwa hiyo wimbo ukivuka mpaka wa Lunga Lunga kuingia Horohoro hubadilika spishi bila kubadilisha noti hata moja, na forodha haitozi kitu.

Zilizopendwa ni familia ya ajabu zaidi, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo haina wanachama wa kuzaliwa. Kila aliyemo amehamia. Fundi Konde na Fadhili William walikuwa muziki mpya siku zao, na wazee wa siku hizo waliwaonea shaka kama ilivyo desturi ya wazee. Redio ikaja ikawatengenezea kipindi, kipindi kikawa jina. Swali la kitaalamu ni lini hasa wimbo huhama. Uchunguzi unaonyesha kwamba wimbo huingia Zilizopendwa jioni ile ambayo mtoto wa mtu aliyeucheza ukumbini anauliza kama unaweza kupunguzwa sauti. Folda ya BONGO ZA KITAMBO, yenye akina Mr. Nice, iko njiani. Wale waliomcheza Mr. Nice shuleni sasa wana watoto wa shule, na jioni yenyewe haiko mbali.

Hapa ndipo tunapotangaza Kanuni ya Umbali: kadiri mtu anavyokaa mbali na muziki, ndivyo majina anayoupa yanavyopungua. Bibi wa Kidigo kule Mtongwe hatakwambia kuhusu nyimbo za kitamaduni. Atakwambia sengenya, yenye zumari na upatu, na atakusahihisha ukiichanganya na nyingine. Mgiriama wa Mishomoroni anazo mwanzele, gonda na kifudu, kila moja na siku yake na miguu yake. Kayamba kwake ni chombo cha matete kinachotikiswa, na tena ni ngoma, na tena ni usiku mzima wa kushughulikia pepo. Haoni utata wowote, kwa sababu hakuna anayealikwa kwenye moja akadhani anaenda kwenye nyingine. Mjukuu wake aliyekulia Bombolulu anayaita yote hayo za kienyeji. Wageni wanaoshuka uwanja wa ndege wa Moi huyaita Afrika.

Kanuni hii hufanya kazi vizuri kabisa Changamwe. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, kiwanda cha kusafishia mafuta kikafunguliwa 1963, na kazi za bandari na makontena zikaendelea kuvuta watu kutoka Machakos, Siaya na Kakamega. Wakaja na gita zao. Ukisimama Magongo usiku wa mwisho wa mwezi, Mkamba atakueleza tofauti kati ya bendi mbili za kwao zilizogombana na kugawana wapigaji. Mjaluo atakueleza kwa nini benga siyo ohangla hata kama kinanda kimeingia kwenye zote mbili. Mdigo aliyekuja kumtembelea shemeji yake atasema ni nyimbo za wabara, basi, na ataomba chaneli ibadilishwe. Hatuna zaidi la kusema kuhusu Changamwe, isipokuwa kwamba huko ndiko kwenye usikivu mkubwa zaidi wa muziki wa wenzao, kwa vile nyumba za vyumba vya kupanga hazina ukuta wa kuzuia besi.

Taarab, na swali la Mjapani

Sasa tuingie penye mvi. Taarab imeandikwa sana, na kila aliyeandika ameianzisha mahali pake. Zanzibar kuna simulizi ya Sultani Barghash kumtuma mtu Misri kujifunza muziki. Kuna Ikhwani Safaa ya mwaka 1905. Kuna Siti binti Saad aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Lamu wana yao, na wanaidai kwa utulivu wa watu wasioona haja ya kubishana. Sisi tunaichukua pale inapofika kwenye maskani ya Kisauni na Likoni, ambako imegawika mara mbili: ya Kiarabu na ya Kihindi.

Ya Kiarabu ni ya Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa, na udi wake. Mtu akisikia udi, amesikia Uarabu, hata kama mashairi ni ya Kiamu yaliyokomaa. Ya Kihindi ni ya Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014 na ambaye mpaka leo wapo madereva wa Likoni wasiowasha gari bila yeye. Bhalo alichukua sauti kutoka kwenye filamu za Kihindi zilizokuwa zikionyeshwa mjini, akaziweka kwenye kinanda na tabla, na maneno mengi akayatoa kwa jamaa yake Ahmad Nassir, malenga yule wa Mvita ambaye diwani yake imesomeshwa mashuleni. Tuchunguze basi kiumbe hiki. Sauti ni ya Bombay. Maneno yana vina na mizani, yamefumbwa kwa Kimvita ambacho hata mtu wa Nairobi mwenye shahada ya Kiswahili hukisikiliza ameinamisha kichwa. Mhindi asiyejua Kiswahili angeitambua sauti papo hapo kisha akapotea. Mswahili asiyejua filamu huguswa tangu ubeti wa kwanza. Kwa nini basi iitwe ya Kihindi, na isiitwe ya Ahmad Nassir?

Jibu linatoka kwa mtu wa tatu, ambaye hakualikwa. Katika bendi za harusi za Mombasa, hasa zile zilizomzunguka Maulidi Juma na Zuhura Swaleh, kilisikika chombo kiitwacho taishokoto: nyuzi zinazokwanyuliwa kwa mkono mmoja huku mwingine ukibonyeza vitufe mfano wa taipureta. Kilibuniwa Japani, mjini Nagoya, mwaka 1912. Kikaunganishwa na spika, kikalia kwa ukali unaopenya mazungumzo ya wanawake mia tatu waliovaa dhahabu. Ukali huo ndio ulioifanya taarab ya Mombasa itambulike hata kwa mtu aliye nje ya ukumbi. Hata hivyo hakuna aliyewahi kuiita taarab ya Kijapani.

Sababu ni kwamba hapakuwa na Mjapani mtaani. Mhindi alikuwepo, tena alikuwa na duka. Assanand na wanawe, kwa nembo yao ya Mzuri, ndio waliotoa santuri nyingi za taarab Mombasa. Mwarabu alikuwepo, na wengine walikuwa ni babu wa watu waliokuwa wakisikiliza. Jina la kabila hubandikwa muziki pale tu kabila hilo linapoweza kupita mlangoni jioni hiyo. Ni njia ya kuwapanga majirani, na muziki hutumika kama daftari. Anayesema mimi nasikiliza ya Kiarabu amekueleza pia habari za ukoo wake, na hukumuuliza.

Kisha ikaja taarab ya kisasa kutoka Unguja na Dar es Salaam, East African Melody, TOT, baadaye Jahazi ya Mzee Yusuf, na vinanda vya umeme vikachukua nafasi ya fidla. Wazee wakatoa hukumu kwamba hii siyo taarab. Wanawake wa Mlaleo hawakukata rufaa. Walisimama wakacheza. Kwa mwainishaji anayetaka kipimo cha haraka, tunapendekeza viti: taarab asilia ni ile ambayo watu wameketi na anayetaka kutunza huinuka peke yake, taratibu, noti ikiwa imeonekana na wote. Ya kisasa ni ile ambayo viti vimesukumwa ukutani. Kipimo hiki hakijawahi kukosea kwenye harusi yoyote tuliyohudhuria, na hakihitaji masikio.

Wasomi wa ng'ambo ya bahari wasicheke. Kwao mambo ni hayo hayo. Jina la rhythm and blues liliingizwa kwenye orodha za jarida la Billboard mwaka 1949 na mwandishi Jerry Wexler, kwa kuwa lililotangulia lilitaja rangi ya wanunuzi waziwazi mno. Muziki haukubadilika wiki hiyo. Mwaka 1987 watu wa kampuni ndogo za santuri walikutana kwenye baa moja ya London, Empress of Russia, wakakubaliana juu ya jina la kuandika kwenye rafu za maduka ili wateja wapate pa kutafutia kila kitu kisichokuwa cha Kizungu. Wakaliita muziki wa dunia. Miaka mitatu baadaye Globestyle ya London ikatoa sahani ya Maulidi Juma iitwayo Mombasa Wedding Special, na nyimbo zilizokuwa za kumcheka mke mwenza zikakaa rafu moja na waimbaji wa Bulgaria. Kibanda cha Kongowea nacho kina ZINGINE, ila kijana wake hajidai kuwa ameitaja dunia.

Kiumbe cha Kengeleni

Kama kuna muziki ambao bara ya Kisauni inaweza kuudai bila kupingwa na kisiwa, ni bango. Ulizaliwa Freretown, kitongoji kilichoanzishwa na wamishonari wa CMS katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kengele yao ingali pale njia panda, ndiyo iliyoipa stendi jina la Kengeleni, na makanga huitaja siku nzima bila kuitazama. Baadhi ya waanzilishi wa kitongoji walikuwa Waafrika waliopitia India: waliokolewa majahazini, wakasomeshwa Nasik karibu na Bombay, kisha wakarudishwa Mombasa wakiwa na Ukristo, ufundi na Kiingereza. Msomaji ameona kwamba Bombay imetajwa mara tatu sasa. Hatuna la kufanya. Bombay ni kama kata nyingine ya Kisauni iliyosahaulika kuwekewa diwani.

Mzee Joseph Ngala, mpiga saksafoni wa Freretown, alikwisha kupitia bendi kadhaa alipoanza kupiga muziki wa taratibu wenye rumba ndani yake, jazi kidogo, taarab kidogo, na mwendo wa ngoma za Wamijikenda chini kabisa, mahali ambapo mguu huusikia kabla ya sikio. Alikuwa na wimbo uitwao Bango. Watu wakaomba Bango, bendi ikaitwa Bango Sounds, na muziki wote wa namna hiyo ukawa bango. Waandishi walipokuja kuueleza wakaanza kuorodhesha: una Ureno, una Brazili, una Uarabu, una Cuba. Orodha huwa ndefu kila inapoandikwa upya. Tukiiamini yote, itabidi tukubali kwamba mtu mmoja aliyeketi na saksafoni kando ya kanisa aliunganisha bahari tatu kabla ya chakula cha mchana.

Sisi tunaona orodha hiyo ni uvivu uliovaa koti. Karibu kila kitu kilichowahi kupigwa Pwani kina Uarabu na India na Ureno ndani yake, hata biriani. Kinachoitofautisha bango kinaonekana ukumbini: hawa ni wazee waliovaa mashati yaliyopigwa pasi, wanacheza wawili wawili na wake zao wa ndoa, kwenye harusi, ubatizo, au sherehe ya kustaafu, polepole kiasi cha kuzungumza ada za wajukuu bila kukosea hatua. Hakuna muziki mwingine Mombasa unaoruhusu hivyo. Na ndio pekee katika utafiti huu wote ambao jina lake halikutoka kwa jirani, muuza duka wala kipindi cha redio. Limetoka kwenye wimbo wa mwenyewe. Kwa msingi huo tunaupa bango hadhi ya spishi kamili. Hao wengine ni wakimbizi wenye vitambulisho vya muda.

Chakacha ilistahili hadhi hiyo hiyo, ila imegawanyika vipande viwili visivyojuana. Ya kwanza ni ngoma ya wanawake harusini, mlango umefungwa, leso kiunoni, na mwanamume anayedai anaijua vizuri huulizwa aliijulia wapi. Ya pili ilitolewa nje na bendi, Mombasa Roots wakiwa mbele na Disco Chakacha yao ya miaka ya 1980, ikapelekwa Bamburi na Nyali kuburudisha watalii. Huko ilikutana na Jambo Bwana ya Them Mushrooms, wimbo ambao Boney M waliuimba kwa namna yao mwaka 1983 na ambao umewasalimia Wajerumani wengi kuliko maafisa wote wa uhamiaji. Kutoka hapo ukazaliwa muziki wa hoteli: mashati ya kitenge yanayofanana, tabasamu la mkataba, na wapigaji ambao wakishuka Bombolulu usiku husikiliza kitu tofauti kabisa kwenye simu. Kitaalamu ni muziki wa kipekee, kwa sababu mashabiki wake wote hurudi kwao baada ya wiki mbili.

Muziki uliopewa jina la shughuli

Turudi kwenye zile folda pacha. Disco matanga ni jina linalomshtua mgeni, na inafaa limshtue. Pwani yetu, zaidi upande wa Kilifi na Kwale lakini hata huku Kisauni na Likoni, familia iliyofiwa hukodi spika na dijei, vijana hukesha wakicheza, na michango hukusanywa ya jeneza, chakula na usafiri. Maafisa wa serikali wameipiga marufuku mara nyingi, wakiilaumu kwa mimba za wasichana wa shule, na lawama hiyo hatuifanyii mzaha. Kuna wazazi wengi waliofiwa mara moja wakapata msiba wa pili humo. Lakini kwa suala la uainishaji, hapa ndipo nadharia yetu inaposimama wima. Hakuna muziki wa disco matanga. Kuna nyimbo za Diamond, nyimbo za singeli kutoka Dar es Salaam zinazokimbia kuliko moyo wa mchezaji, na reggae ya alfajiri, zote zilizopigwa Jumamosi iliyopita kwenye harusi ya mtaa wa pili. Kilichobadilika ni turubai na sababu ya kuchanga. Wanaosema ni uzushi wa juzi wamesahau kwamba kifudu ilikuwa ngoma ya matanga kabla ya umeme kufika, na haikuwa na maneno ya kanisani.

Tukitaja kanisa, tumtaje na Mungu, kwa sababu hata Yeye ana folda mbili. Kaswida ya dufu na sauti tupu haina ubishi. Ubishi huanza kinanda kinapoingia, maana hapo jirani asiyesikia maneno hawezi kujua kama ni maulidi au ni rusha roho, ile taarab ya kisasa, na kuna mashehe waliokwisha kulisemea jambo hilo kwa ukali. Upande wa pili, nyimbo nyingi za injili zinazopigwa Mikindani na Kiembeni zina gita la sebene safi la Kinshasa. Kichwani ni toba, miguuni ni Kinshasa. Tulifanya jaribio: mpiga kinanda mmoja wa Mtopanga, ambaye Jumamosi yuko ukumbini na Jumapili yuko kanisani, aliombwa aonyeshe midundo anayotumia kila mahali. Alibonyeza kitufe kilichoandikwa rumba. Akaombwa aonyeshe cha pili. Akatazama kitufe kile kile, akacheka, akasema cha Jumapili huanza na maombi.

Na vijana? Kijana wa Magogoni akiingia studio akaimba mapenzi kwa Kiswahili fasaha, Nairobi watasema anaimba bongo. Ametumia lugha ya bibi yake, mdundo aliotengenezewa na rafiki yake hapo hapo Kisauni, na hajawahi kufika Dar es Salaam. Nyota Ndogo, Ali B na Susumila wamelibeba jina hilo la nchi nyingine kwa miaka. Ukoo Flani, vijana wa Mombasa walioungana na kundi la Mau Mau la Dandora, Nairobi, walinusurika kwa sababu walirap, na rap ina folda yake kila mahali. Kapuka, genge, gengetone na arbantone ni majina ya Nairobi. Tunayaacha huko yazeeke kwa kasi yake, kwani mengine yameanza kuzeeka kabla hatujamaliza aya hii. Lakini hili la bongo si la mzaha. Mtu wa Pwani akiambiwa Kiswahili chake ni cha kuigiza Tanzania, ameambiwa kwao ni kwingine, na jina la muziki ndilo lililotumika kumwambia.

Kwa hiyo tunamaliza na ombi. Ndugu msomaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe, chini ya kitanda cha mzazi wako, au juu ya kabati, kuna kanda na santuri: za Mzuri, za duka la Mbwana Radio, na za harusi ya shangazi zilizorekodiwa ukumbini zikiwa na vigelegele. Zitoe kabla chumvi ya bahari na panya hawajazimaliza. Muulize mzazi angali yupo, kisha andika juu ya kila moja jina la mwimbaji, jina la aliyepiga udi au gita au taishokoto, mtaa, mwaka, na harusi ilikuwa ya nani. Pale palipoandikwa aina ya muziki, paache wazi.